Tundu Chini ya Pampu: Jinsi Sili za Maji ya Bahari Zinavyofanya Kazi na Zinavyobadilishwa

Chini ya pampu ya maji ya bahari, mahali ambapo huoni kitu mpaka ulale kifudifudi juu ya injini, kuna tundu dogo la kupitisha msumari mwembamba. Injini nyingi za dizeli zilizofungwa ndani ya boti zetu za Mombasa zinalo, ziwe za kupeleka wageni kwenye hifadhi ya bahari upande wa Nyali au za uvuvi zinazolala Mtwapa na Tudor. Siku tundu hilo linapoanza kudondosha maji, mwenye boti huona pampu imetoboka na hutafuta cha kuzibia. Tundu hilo limetobolewa kiwandani kwa makusudi, na kosa kubwa kuliko yote unayoweza kuifanyia pampu hii ni kulipaka gundi.

Injini ya namna hii hupozwa na maji ya aina mbili. Yapo maji matamu yaliyochanganywa na dawa ya kupozea, ambayo huzunguka ndani ya injini yenyewe na hayatoki. Na yapo maji ya bahari, yanayovutwa kupitia koki iliyo chini ya boti, yakapita kwenye chujio, yakasukumwa na pampu hadi kwenye kibadilisha joto, yakachukua joto la yale matamu kisha yakatoka pamoja na moshi kwenye ekzosi. Ninayoizungumzia hapa ni pampu ya maji ya bahari. Ndani yake mna impela ya mpira yenye mabawa laini, inayozunguka katika chumba cha bronzi ambacho upande mmoja umenenepeshwa. Bawa likipita hapo hupindwa. Likishapita hunyooka, nafasi ikapanuka na maji yakavutwa. Impela hukaa kwenye ncha moja ya shafti. Ncha ya pili huendeshwa na gia za injini, au na mkanda na puli, na katikati shafti hushikwa na beringi.

Kwa hiyo shafti moja ina bahari upande huu, na upande ule ina oili ya injini au grisi ya beringi. Inazunguka kwa kasi muda wote wa safari, na inapita katika ukuta ambao haufai kuvujisha kwa upande wowote. Sili, yaani pete ya mpira inayoikumbatia shafti kuzuia uvujaji, ikiwa moja haiwezi kuzuia vitu viwili kutoka pande mbili. Ndiyo maana zipo mbili: sili ya maji nyuma ya impela, na sili ya oili mbele ya beringi. Kati yao huachwa nafasi tupu, na chini ya nafasi hiyo ndipo penye tundu letu. Sili ya maji ikichoka, maji huangukia kwenye ile nafasi na kutoka nje kabla hayajafika kwenye beringi. Sili ya oili ikichoka, oili nayo hutokea hapohapo. Pampu nyingi zina pia kiringi kidogo cha mpira kilichovishwa kwenye shafti katikati ya nafasi hiyo. Kazi yake ni kurusha pembeni tone lolote linalotambaa juu ya shafti, ili liangukie tunduni badala ya kuendelea na safari.

Basi likidondosha, soma kwanza kinachodondoka. Kinga matone machache juu ya kipande cha bati safi, ukianike juani. Maji ya bahari yana chumvi takriban gramu 35 kwa lita, hivyo yakikauka yataacha unga mweupe, nawe utajua sili ya maji ndiyo iliyochoka. Yakiwa na rangi na utelezi wa dawa ya kupozea, umekosea pampu. Hayo yanatoka kwenye pampu ya pili, ile ya maji matamu, ambayo nayo ina sili yake na tundu lake. Ikitoka oili, sili ya oili imekwisha, na kwa pampu inayoendeshwa na gia maana yake ni kwamba injini inapoteza oili kidogo kidogo kupitia hapo. Vikitoka vyote viwili, usisubiri safari nyingine.

Sasa fikiria tundu limezibwa, kwa gundi au kwa chumvi na grisi iliyoganda miaka mingi. Sili ya maji inavuja, maji hayana pa kutokea, yanajaa kwenye nafasi ya katikati na kuanza kuisukuma sili ya oili kutoka nyuma, upande ambao haikutengenezewa kuzuia. Kwenye pampu ya mkanda beringi itapata kutu na kuanza kulia. Kwenye pampu ya gia ni balaa: bahari inaingia kwenye oili ya injini. Ukivuta kijiti cha kupimia utakuta oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Rangi hiyo huweza kusababishwa na mengine pia, kama gasketi ya silinda hedi au kipoza oili kilichotoboka, lakini pampu ndiyo rahisi kuikagua, basi ianze. Ukiona hivyo usiendelee kuendesha. Mwaga oili, badilisha na filta, tengeneza chanzo, tia oili mpya, washa kidogo, mwaga tena, mpaka itoke safi. Chumvi ikiachwa ndani ya injini hata kwa siku chache huanza kula krenki na beringi zake.

Hapa ndipo fundi na mwenye boti wanapokosana mara nyingi. Sili inabadilishwa, baada ya wiki chache inavuja tena, na lawama huangukia sili: ya bandia, ya bei rahisi. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi kuliko hivyo sili haina kosa. Kilichoharibika ni shafti inayosuguana nayo, au beringi inayoishika shafti hiyo. Sili ni mdomo mwembamba wa mpira uliokumbatia chuma kinachozunguka. Hauwezi kuwa mzuri kuliko chuma chenyewe. Atakayebadilisha sili bila kukagua hivyo viwili atalipa mara mbili.

Shafti huchimbika mfereji pale sili inapokaa, nawe utajiuliza mpira laini unawezaje kuchimba chuma. Haukichimbi peke yake. Maji ya vijito vyetu, Tudor na Mtwapa, hubeba tope na mchanga laini kutoka mikokoni, hasa maji yanapokupwa na boti inapita penye maji mafupi. Chembe ndogo hujipachika kwenye mdomo wa sili na kukaa humo, shafti ikizunguka chembe zinaisugua palepale, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka unapatikana mfereji. Chujio la maji ya bahari huzuia majani na makombe, wala si tope hilo.

Sababu ya pili ni ya kimyakimya zaidi na huwapata wale wanaodhani wanaipumzisha boti. Chuma cha stenlesi cha shafti hakishiki kutu kwa sababu uso wake una utando mwembamba unaojitengeneza upya kila unapokwaruzwa, ili mradi oksijeni ipo. Boti ikilazwa wakati wa Kusi, bahari imechafuka na wageni wamepungua, maji ya chumvi hubaki yametuama chini ya mdomo wa sili, mahali pembamba pasipopata hewa. Oksijeni iliyopo humalizika, utando hauwezi kujijenga tena, na chumvi inaanza kutoboa vishimo hapohapo sili ilipokaa. Msimu wa Kaskazi ukirudi, injini inawashwa na pampu inavuja siku ya kwanza, na mwenyewe anashangaa maana hajaitumia.

Dawa yake ni kusafisha njia ya maji kwa maji matamu kabla ya kuilaza boti. Fanya hivyo injini ikiwa inawaka, hosipaipu ikiwa ndani ya ndoo na pampu ikijivutia yenyewe. Usiunganishe bomba la mfereji na kulifungulia huku injini imezimwa: maji hayatapata moshi wa kuyasukuma nje, yatajaa kwenye ekzosi na mwishowe yatarudi ndani ya silinda. Injini nzima imewahi kufa kwa jambo dogo namna hiyo, na inauma sana kuliona.

Kukimbiza pampu bila maji ni sababu ya tatu. Maji yanayopoza injini ndiyo pia yanayolainisha impela na mdomo wa sili. Koki ikisahaulika imefungwa, nusu dakika inatosha kuunguza mpira. Ya nne ni beringi. Shika ncha ya shafti uitikise juu na chini: ikicheza, mdomo wa sili hauwezi kuifuata, na sili mpya itavuja hata shafti ikiwa inang'aa. Mkanda uliokazwa kupita kiasi huiua beringi mapema, na nimeona mikanda mingi Mombasa iliyokazwa kupita kiasi.

Kabla ya kufungua, funga koki ya bahari. Koki zetu nyingi zimeganda kwa sababu haziguswi. Kama haifungi, usiilazimishe boti ikiwa inaelea. Ikivunjika, bahari itaingia kwa wingi. Subiri maji yakupwe boti ikae mchangani. Wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu hupita mita 3, na kati yake kuna kama saa sita, kwa hiyo una muda wa kufungua hosipaipu, kupigilia kizibo cha mti na kuichukua pampu. Ukiwa na nafasi hiyo, badilisha na koki yenyewe.

Itoe pampu yote ukaifanyie kazi mezani. Kujaribu kubadilisha sili pampu ikiwa kwenye injini, gizani, mkono mmoja umeshika tochi, ni kutafuta kukwaruza kitu. Fungua kifuniko cha mbele, vuta impela na uhesabu mabawa yake. Bawa likikosekana halijayeyuka. Limekwama mbele, kwenye hosipaipu au kwenye mlango wa kibadilisha joto, na lisipotafutwa injini itachemka baadaye huku pampu ni nzima. Kisha upande wa nyuma toa pete ya chuma inayobana beringi, na usukume shafti itoke kwa nyuma pamoja na beringi zake. Ikikataa, ichovye bodi ya pampu kwenye sufuria ya maji yanayochemka kwa dakika kadhaa. Bronzi hupanuka kuliko chuma, na mara nyingi kinachohitaji kupigwa nyundo hapo hutoka kwa kusukumwa na kidole gumba.

Kabla ya kung'oa sili za zamani, zipige picha. Angalia kila moja springi yake inaelekea wapi. Springi hiyo, ile pete ya waya uliojisokota inayoubana mdomo, kwa kawaida huangalia kile kinachozuiwa: ya sili ya maji huelekea impela, ya sili ya oili huelekea beringi, na migongo yao hutazamana juu ya tundu. Sababu ni umbo la mdomo. Upande wa kimiminika una mteremko mkali, upande wa hewa una mteremko wa polepole, na shafti inapozunguka tofauti hiyo hukirudisha kilikotoka kile kidogo kinachojipenyeza. Ukiigeuza sili, umeiambia isukume maji kuelekea kwenye beringi. Lakini watengenezaji hawafanani, na picha uliyopiga, au mchoro wa pampu yako, una neno la mwisho kuliko kanuni yangu.

Ng'oa sili kwa kulabu, ukielekeza nguvu kwenye sili yenyewe, wala si kwenye ukuta inamokaa. Mkwaruzo kwenye ukuta huo utapitisha maji nje ya sili, na utaizungusha akili mwezi mzima ukidhani ni mdomo unaovuja.

Sasa shafti. Isafishe, kisha pitisha ukucha kwa urefu wake juu ya alama ilipokuwa sili. Ukucha ukiteleza bila kukwama, ing'arishe kwa msasa laini, namba 600 au zaidi, ukiusugua kwa kuizunguka shafti. Usisugue kwa urefu, kwa maana mikwaruzo ya urefu ni njia za maji. Ukucha ukikwama, sili mpya itavuja. Njia iliyo bora ni shafti mpya. Ya pili ni kuivisha mkono mwembamba wa stenlesi, unene kama robo milimita, unaofunika mfereji na kuacha sili ya kipimo kilekile itumike. Ya tatu, kama pampu ina nafasi, ni kuikalisha sili milimita moja mbele au nyuma ya ilipokuwa ili mdomo ushike mahali pazima, ukihakikisha haikaribii kuziba tundu wala kugusa kile kiringi. Wapo wanaojaza mfereji kwa kuchomelea kisha wakakereza. Kwa shafti nyembamba kama hii siipendi njia hiyo. Joto huipinda, na shafti iliyopinda huua sili na beringi pamoja. Ukimpa mkereza vyuma akutengenezee shafti mpya, mwambie mahali pa sili pamaliziwe kwa kusagwa au kung'arishwa vizuri. Kisu cha kukerezea huacha alama za mzunguko mithili ya uzi wa skrubu, na uzi huo utayatembeza maji hadi nje hata sili ikiwa mpya.

Dukani nenda na shafti na sili ya zamani. Juu ya sili huandikwa namba tatu: kipenyo cha shafti, kipenyo cha nje na unene, kwa mfano 16 × 28 × 7, vyote kwa milimita. Kipimo kikilingana, muuza spea atakutolea sili ya gari na kukuambia, "Ni ileile, ami." Kwa sili ya oili anaweza kuwa sawa. Kwa sili ya maji sivyo. Springi ya sili ya gari ni ya chuma cha kawaida. Bahari itaila, itakatika, na mdomo utalegea ukiwa bado mzima. Omba yenye springi ya stenlesi na iliyofunikwa mpira nje. Sumaku ndogo inasaidia: springi ikinaswa kwa nguvu, iache.

Baadhi ya pampu, hasa kubwa, hazitumii mdomo upande wa maji. Zina sili ya nyuso mbili, moja ya kauri na nyingine ya kaboni, zinazobanwa na springi na kuteleza moja juu ya nyingine. Hiyo hununuliwa na kufungwa kwa jozi. Usichanganye uso mpya na wa zamani. Usiguse nyuso hizo kwa vidole wala usizipake grisi. Maji ya sabuni kwenye mpira wake yanatosha kuiingiza.

Kufunga ni kinyume cha kufungua, lakini kwa subira zaidi. Sili isukumwe kwa jiliwa na soketi ya kipenyo chake, iingie bapa; ikipigwa nyundo upande mmoja hukaa mshazari. Jaza kidogo grisi isiyopitisha maji kwenye midomo, kwa kuwa mdomo mkavu huungua katika sekunde za kwanza, na hakikisha grisi hiyo haijaziba tundu. Beringi mpya ikivishwa kwenye shafti isukumwe kwa pete yake ya ndani, na ikiingizwa kwenye bodi isukumwe kwa pete ya nje. Ukikosea, nguvu inapita kwenye gololi na beringi inaharibika kabla ya kufanya kazi. Ncha ya shafti yenye mfereji wa kabari au uzi izungushie plastiki nyembamba inapopita kwenye sili, la sivyo itaukata mdomo usione. Na kile kiringi cha kurushia maji kirudishwe katikati wakati shafti inapita, maana ni rahisi mno kukuta kimebaki mezani pampu ikiwa imeshafungwa.

Impela ipakwe gliserini au sabuni ya vyombo, isipakwe grisi ya petroli inayovimbisha mpira. Gasketi ya kifuniko iwe ya unene wa ile ya awali, kwa kawaida kama robo milimita. Ukikata nene kuliko hiyo, impela itapata pengo na pampu itavuta kwa unyonge. Kifuniko kikiwa na mifereji, mara nyingi unaweza kukigeuza upande wa pili.

Wa mashine za kupachika nyuma ya boti wasitafute tundu hili. Pampu yao iko chini kwenye mguu, na sili zilizo chini yake hulinda oili ya gia. Huko dalili hupatikana kwa kufungua skrubu ya kumwagia oili ya gia na kuangalia rangi.

Pampu ya ndani ikisharudi kwenye injini, fungua koki kabla ya chochote. Zungusha shafti kwa mkono mara chache, washa, na uangalie ekzosi. Maji yasipotoka ndani ya nusu dakika, zima. Tone moja au mawili tunduni mwanzoni ni sabuni na maji ya kufungia. Yakiendelea baada ya robo saa, rudi kwenye shafti. Tundu likiwa kavu, kaza mkanda upya baada ya safari ya kwanza, uangalie tundu tena injini ikiwa ya moto, kisha andika kwa rangi upande wa ndani wa kifuniko cha sanduku la injini namba za sili zote mbili, namba za beringi, springi zinakoelekea na tarehe.